Mkanda wa Slaidi Uliopita Tarehe: Usiutupe, Wala Usiuongezee Mwanga Ovyo

Maswali ninayoletewa kuhusu mikanda ya slaidi yanafanana kama mapacha. Mtu amefungua droo ya marehemu babu yake aliyekuwa mpiga picha, akakuta maboksi matano ya Fujichrome. Mwingine amenunua furushi la Ektachrome kwa mwenye studio anayefunga duka. Tarehe iliyopigwa ubavuni mwa boksi ni 2004, au 1998, au hata 1989. Maswali yenyewe ni matatu: Je, bado inatoa picha? Niongeze mwanga kiasi gani? Nitaisafishia wapi?

La kwanza ni jepesi: mingi bado inatoa picha. La tatu nitalijibu chini. Lakini la pili ndilo lililonifanya nikae kuandika, kwa sababu jibu linalozunguka midomoni mwa watu ni la negativu, nalo likitumiwa kwenye slaidi linaua picha.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Niliambiwa na mtu niliyemwamini kwamba kila miaka kumi mkanda uliokaa huongezewa stopu moja, yaani mwanga maradufu. Nikachukua mkanda wa slaidi wa ISO 100 uliopita tarehe kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nikauongezea stopu moja na nusu, nikaenda nao Bagamoyo asubuhi mashua zinaporudi. Picha 36. Ziliposafishwa nikazitandaza juu ya kisanduku cha taa: anga haikuwepo, matanga yalikuwa plastiki tupu inayopitisha mwanga, na nyuso za wavuvi zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyotiwa maji. Mkanda haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ile kanuni.

Basi tuanze mwanzo, hatua kwa hatua.

## 1. Kwanza jua umeshika nini

Kabla ya kufikiria kamera, soma boksi na soma kopo lenyewe la mkanda. Unatafuta mambo matatu: jina, ISO, na jina la dawa za kusafishia.

Jina. Kwa kawaida jina linaloishia na "chrome" ni slaidi: Ektachrome, Fujichrome, Agfachrome. Linaloishia na "color" mara nyingi ni negativu: Fujicolor, Kodacolor. Hii ni dalili tu, kwa hiyo thibitisha kwa dawa.

Dawa. Hapa usikisie.

- E-6, CR-56, AP-44, CRK-2: haya ni majina manne ya kitu kimoja. E-6 ni ya Kodak, CR-56 ya Fuji, AP-44 ya Agfa, CRK-2 ya Konica. Mikanda yote hii husafishwa kwa dawa za E-6 zinazopatikana leo.
- E-4: ni ya kale, kabla ya E-6 kushika nafasi yake miaka ya 1970. Usiitie kwenye E-6. Ngozi yake ya picha ni laini, haivumilii nyuzi 38 za E-6, hubanduka na kuchafua dawa za watu.
- AP-41: Agfachrome za zamani kama CT 18. Hizi nazo si E-6.
- K-14 (Kodachrome): haina tena pa kusafishiwa kwa rangi. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilifunga mlango wa kupokea mikanda hiyo tarehe 30 Desemba 2010. Rangi za Kodachrome hazikuwamo ndani ya mkanda, zilitiwa na dawa wakati wa kusafisha, na dawa hizo hazitengenezwi tena. Kinachowezekana ni picha nyeusi-nyeupe tu. Ukiuziwa Kodachrome kwa bei ya mkanda wa rangi, rudisha.

Umri. Boksi likipotea, jina hukusaidia kukisia. Kodak ilisimamisha slaidi zake zote mwaka 2012, kisha ikairudisha Ektachrome E100 mwaka 2018. Kwa hiyo Elite Chrome, E100G au E100VS unayoikuta leo imeshapita tarehe, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya.

## 2. Uliza ulikolala, kisha uliza tarehe

Tarehe kwenye boksi ni ahadi ya kiwanda kwa mkanda uliotunzwa vizuri. Haijui kama mkanda wako ulilala kwenye friji au juu ya kabati chini ya bati. Nimeona mkanda wa miaka ishirini uliotoka friza ukitoa picha safi, na mkanda wa miaka minne uliosahauliwa kwenye kisanduku cha mbele cha gari ukitoka zambarau tupu.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji:

- Ulikaa wapi: friji, friza, kabati, au stoo?
- Ulikaa mji gani? Joto na unyevu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huumiza mkanda kuliko ubaridi wa Limuru au Njombe.
- Boksi limefunguliwa? Kikopo cha plastiki bado kina kifuniko chake?
- Kuna mingapi ya toleo moja? Angalia namba ya toleo karibu na tarehe. Mikanda mitano yenye namba moja ina thamani kuliko kumi iliyookotwa huku na huku, kwa sababu mmoja ukiujaribu, utakuwa umeijua minne iliyobaki.

Angalia pia ISO. Mikanda ya ISO 50 na 100 huzeeka taratibu. Ya ISO 400 na kuendelea huzeeka haraka, na hata friza haiikingi kabisa, maana mionzi ya asili inayopita angani na ardhini huipata humo humo.

## 3. Kwa nini kanuni ya negativu haifai hapa

Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu ukilielewa hili moja huna haja ya kukariri mengine.

Mkanda ukizeeka huota ukungu: sehemu ambazo hazijapigwa na mwanga hujifanya kana kwamba zimepigwa. Kwenye negativu ukungu huo huongeza giza kwenye mkanda, na mwanga wa ziada husaidia picha kuupita. Ndiyo maana kuongeza stopu kunafaa.

Kwenye slaidi mambo yamegeuka. Palipopigwa na mwanga panakuwa peupe, pasipopigwa panabaki peusi. Ukungu, kwa kuwa unajifanya mwanga, *unakula weusi*. Slaidi iliyozeeka tayari imepauka kabla hujabonyeza kitufe. Ukiiongezea mwanga, unaupausha mkanda uliokwisha pauka. Weusi ulioliwa haurudi, na weupe uliokuwa salama unaungua.

Kwa hiyo:

1. Anza na ISO ya kwenye boksi.
2. Usipite nusu stopu ya nyongeza mpaka uwe umejaribu.
3. Ukiwa na shaka kati ya kuongeza na kupunguza, punguza.

Najua pingamizi lako: "Lakini mkanda mkongwe si hupoteza nguvu?" Hupoteza, ni kweli. Lakini kwenye slaidi upotevu huo na ukungu huvutana, mmoja ukitia giza na mwingine ukipausha, na mara nyingi matokeo huangukia karibu na ISO ya boksi. Usiniamini mimi wala usimwamini yule aliyenidanganya. Fanya jaribio.

## 4. Jaribio la picha sita

Chagua mkanda mmoja wa toleo hilo uwe wa kafara. Mkalishe ndugu au rafiki kwenye kivuli cha wazi, mlangoni au chini ya mwembe, akiwa na vitu vitatu: kitu cheupe chenye mikunjo (kanzu au kitambaa), kitu cheusi (mwavuli au viatu), na rangi kali (khanga inatosha). Weka kamera juu ya stendi. Kisha piga:

1. ISO ya boksi, kama kipimamwanga kinavyosema.
2. Punguza nusu stopu.
3. Punguza stopu moja.
4. Ongeza nusu stopu.
5. Ongeza stopu moja.
6. Funika lenzi kwa kifuniko chake na upige. Hii ndiyo picha ya giza.

Andika kila moja kwenye daftari papo hapo. Usitegemee kumbukumbu.

Watu hunishangaa kwa hiyo ya sita. Wanaona ni kupoteza picha. Kumbe ndiyo inayosema ukweli kuliko zote, kwa sababu kwenye slaidi picha isiyopigwa na mwanga inapaswa kuwa nyeusi kabisa. Ikirudi kutoka kusafishwa, iweke juu ya taa na uisome:

- Nyeusi ya kaa: mkanda ni mzima. Upige kama mpya.
- Kahawia iliyokolea, zambarau au kijani cha giza: mkanda umechoka lakini unafaa. Upige kwa ISO ya boksi, na uchague mandhari yenye mwanga mwingi. Rangi unayoiona hapo ndiyo itakayotanda kwenye vivuli vyako vyote.
- Kijivu chepesi, kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti lenye mwanga nyuma unaziona herufi: usiisafishe iliyobaki kwa E-6. Sehemu ya 8 ina njia nyingine.

Kisha zitazame zile tano na uchague iliyo bora: ambayo kanzu bado ina mikunjo na uso una rangi ya mtu aliye hai. Hiyo ndiyo ISO ya mikanda yako iliyobaki. Iandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kikopo.

Huna mkanda wa kafara? Una mmoja tu? Basi anza na picha ya giza, kisha piga kila kitu tatu-tatu: moja ya boksi, moja ya kupunguza nusu, moja ya kuongeza nusu. Mkanda wa picha 36 utakupa karibu mandhari kumi na mbili. Ni chache, lakini kumi na mbili zilizotoka ni bora kuliko thelathini na sita zilizoungua.

## 5. Kutoa kwenye friji na kuweka kwenye kamera

Kosa la kwanza hutokea kabla ya picha ya kwanza. Mkanda uliotoka baridini ukifunguliwa kwenye hewa ya pwani hutoa jasho kama chupa ya soda. Jasho hilo huacha madoa yasiyotoka.

- Uache ndani ya kikopo kilichofungwa mpaka ufikie joto la chumba.
- Kutoka friji: saa moja na nusu hadi mbili.
- Kutoka friza: angalau saa tatu. Mimi huuacha usiku kucha.
- Usiuharakishe juani wala juu ya jiko.

Mkanda uliokaa miaka mingi pia hujikunja kwa nguvu na hukauka. Uweke kwenye kamera kivulini, vuta ulimi wake taratibu, hakikisha meno yameshika matundu ya pande zote mbili ndipo ufunge mgongo. Kila unapovuta kwenda picha inayofuata, tazama kama kitasa cha kurudishia mkanda kinazunguka. Kisipozunguka, mkanda haujashika, na unapiga hewa.

Mwishoni, ukihisi mkanda umegoma, usilazimishe. Mkanda mkavu hukatika. Kama kamera yako ina mota, iwekee hali ya kurudisha taratibu ikiwa inayo. Ukikatikia ndani, usifungue kamera kwenye mwanga. Ingia chumba cha giza, au uipeleke ilivyo kwa fundi.

Jambo la mwisho hapa: kamera nyingi tangu miaka ya 1980 husoma ISO zenyewe kutoka kwenye miraba ya fedha ubavuni mwa kopo. Ukiwa umeamua ISO nyingine baada ya jaribio, badilisha kwa mkono au tumia kitufe cha kurekebisha mwanga. Wengi husahau, kisha wanalaumu mkanda.

## 6. Kupima mwanga bila kubahatisha

Slaidi mpya haisamehe. Iliyozeeka haisamehe hata kidogo. Inabeba tofauti ya mwanga ya stopu tano hivi kutoka cheupe chenye umbo hadi cheusi chenye umbo, na uzee umeshakula sehemu ya chini ya hizo tano. Kilichobaki kukilinda ni weupe.

Chukua mfano wa kila siku. Mzee ameketi barazani kwa kanzu nyeupe, nusu jua nusu kivuli. Kamera ikiielekea kanzu, itadhani dunia imejaa mwanga, itatia giza, na uso wa mzee utapotea. Ikielekea mlango wa mbao nyuma yake, itadhani ni usiku, itafungua mwanga, na kanzu itaungua. Fanya hivi:

1. Mwombe asogee mzima kivulini. Hii peke yake ni nusu ya kazi.
2. Sogea karibu, pima kanzu yenyewe, ijaze yote kwenye kioo cha kamera.
3. Ongeza stopu moja na nusu juu ya kipimo hicho. Kanzu itabaki nyeupe, na mikunjo yake itaonekana.
4. Shikilia kipimo hicho, rudi nyuma, panga picha, piga.

Kama hakuna kitu cheupe, pima kiganja chako kwenye mwanga ule ule aliomo mtu wako, kisha ongeza stopu moja. Kiganja hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu, hata ngozi zao zikitofautiana.

Kipimamwanga kimekufa? Kwa jua kali lisilo na wingu, ISO 100, weka f/16 na kasi ya 1/125. Kanuni hiyo haijawahi kuniangusha ufukweni.

## 7. Kipi upige, kipi uache

Mkanda uliochoka una mapenzi yake. Ukiupa unachokiweza, utakupa picha ambayo mkanda mpya hauwezi kukupa.

Vinavyofaa:

- Asubuhi mapema na saa ya alasiri, jua likiwa ubavuni. Mwanga wa ubavu huirudishia picha umbo ambalo uzee umepunguza.
- Kuta zilizopakwa chokaa, mchanga, maji, matanga, nguo zilizoanikwa.
- Rangi kubwa zilizo wazi: khanga, milango ya buluu, malori ya mizigo.
- Mandhari ambayo rangi ya zambarau au ya waridi ikitanda haitaiharibu hadithi.

Visivyofaa:

- Usiku, ndani ya nyumba, misituni. Penye giza kubwa ndipo ukungu unapojionyesha.
- Jua la saa sita juu ya nyuso. Vivuli vya macho vitakuwa mashimo yenye rangi.
- Kazi inayodai rangi sahihi: bidhaa za mteja, michoro ya makumbusho.
- Chochote kisichorudiwa. Usipige harusi. Usipige mazishi. Usipige mtoto akitoka hospitali kwa mara ya kwanza, ukitegemea mkanda wa 1998. Piga na kamera nyingine, huu uwe wa pembeni. Nimeombwa mara mbili na watu waliokata tamaa niokoe mikanda ya siku kama hizo, na mara zote mbili sikuwa na la kuwafanyia.

## 8. Kusafisha: njia tatu

Ukimaliza kupiga, usiuache tena. Picha iliyopigwa lakini haijasafishwa hufifia haraka zaidi kwenye mkanda mkongwe. Jipe wiki chache, si miezi.

### Njia ya kwanza: maabara ya E-6

Hii ndiyo bora kwa mkanda wenye picha ya giza nzuri. Studio nyingi za mitaani zilizobaki husafisha negativu tu, yaani C-41, kwa hiyo uliza kwa jina: "Mnasafisha E-6?" Usiulize, "Mnasafisha slaidi?" maana utajibiwa ndiyo na mkanda ukatiwa kwenye dawa isiyo yake. Ukilazimika kutuma nje ya nchi:

- Kusanya mikanda kadhaa utume kwa pamoja.
- Andika wazi kwamba imepita tarehe, na isafishwe kwa muda wa kawaida.
- Ukisafiri nayo kwa ndege, ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi la mizigo, na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za ukaguzi zinazozungusha picha ya begi zina mionzi mikali kuliko zile za zamani, na mkanda wako hauna akiba ya kupoteza.

Onyo: usiombe mkanda "usukumwe", yaani kuongezewa muda kwenye dawa ya kwanza. Kusukuma hupausha slaidi na kula weusi, kazi ile ile ambayo ukungu umekwisha kuifanya.

### Njia ya pili: nyumbani

Si vigumu kama watu wanavyotishana, ila hutaki kujifunzia kwenye mkanda wa babu. Anza na ule wa jaribio. Pakiti za dawa tatu huenda hivi:

1. Dawa ya kwanza. Nyuzi 38, dakika 6 hadi 6 na nusu kulingana na maelekezo ya pakiti. Hii ndiyo hatua inayoamua weupe na weusi wa picha. Usiruhusu joto lipande wala kushuka hata robo ya nyuzi.
2. Osha kwa maji ya joto lile lile.
3. Dawa ya rangi. Joto na muda kama pakiti inavyosema. Hapa kuna nafasi kidogo ya kukosea.
4. Osha tena.
5. Dawa ya kung'arisha na kugandisha. Usiikate fupi. Ukizidisha dakika moja hakuna madhara, ukipunguza, fedha hubaki ndani na rangi huwa chafu.
6. Osha vizuri, maliza na maji ya mwisho yaliyo kwenye pakiti, anika mahali pasipo vumbi.

Kulinda joto hakuhitaji mashine ya gharama. Beseni kubwa lenye maji ya nyuzi 39 hivi, chupa za dawa zikiwa zimesimama humo nusu saa kabla, na chupa ya chai yenye maji ya moto ya kuongezea, vinatosha. Kisichokwepeka ni kipimajoto cha kuaminika.

Utakapoutoa mkanda ukiwa umelowa, utaiona picha ina utando wa maziwa, kama jicho lenye mtoto. Usihamaki. Utando huo huondoka mkanda unapokauka, na rangi hujitokeza mbele ya macho yako.

Usalama: vaa glavu, fungua madirisha, weka watoto mbali, na chombo chochote kilichogusa dawa hizi kisirudi jikoni tena. Si kesho, si kikioshwa, kamwe.

### Njia ya tatu: kusafisha kama negativu

Picha yako ya giza ilikuwa ya kijivu? Mkanda wa E-6 unaweza kusafishwa kwa C-41 ukawa negativu. Rangi huruka, kijani au njano au nyekundu kutegemea aina, na utofauti wa mwanga na giza huwa mkali. Ila ukungu hapa hurudi kuwa wa kawaida wa negativu, na kwa njia hii, ndiyo, ongeza stopu moja. Kwa hiyo amua njia *kabla* ya kupiga, si baada.

Mwambie mwenye maabara ukweli, maana wengine hukataa kuchanganya mikanda. Andika kwa herufi kubwa juu ya kopo: SAFISHA KWA C-41.

## 9. Baada ya kusafisha

- Itazame slaidi kwa macho kwanza, juu ya mwanga mweupe, kabla ya kuitia kwenye skana.
- Kwenye skana, zima marekebisho ya rangi yanayojiendesha. Hayajui kama zambarau unaitaka au huitaki.
- Rangi iliyotanda ukitaka kuiondoa, anza na vivuli: rekebisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake mpaka kivuli kiwe cheusi. Rangi za juu mara nyingi hujipanga zenyewe.
- Usitupe iliyopauka siku ya kwanza. Skana wakati mwingine huona kilichomo kuliko jicho.
- Hifadhi gizani, pakavu, mbali na naftalini.

## 10. Makosa ninayoyaona kila mara

1. Kuongeza mwanga kwa kanuni ya negativu.
2. Kununua mikanda kumi kabla ya kujaribu mmoja.
3. Kufungua kikopo kingali baridi.
4. Kusahau kamera imejiwekea ISO yake.
5. Kusukuma mkanda "ili kuuamsha".
6. Kuweka mkanda kwenye kamera na kuuacha humo mwaka mzima.
7. Kutoandika chochote, kisha kushindwa kurudia picha nzuri iliyotoka.

## "Kwa nini nijisumbue, na simu ina programu ya rangi za kale?"

Hili huulizwa na vijana zaidi, nami naliheshimu. Simu itakupa rangi ya zambarau ukiitaka. Lakini haiwezi kukupa ile slaidi yenyewe: kipande cha plastiki cha milimita 24 kwa 36 kilichokuwemo ndani ya kamera, pale, mwanga ule ulipokuwa ukimwangukia mtu yule. Ukiinyanyua dirishani unaona uso wake, bila umeme, bila mtandao.

Na kwa wale mliorithi mikanda hii, kuna jambo jingine. Mtu aliyeinunua aliiweka kwa picha ambazo hakuwahi kuzipiga. Ukiujaribu mmoja kwa uangalifu, ukaijua minne iliyobaki, utaweza kumalizia kazi yake bila kuipoteza.

Kwa hiyo usianze na picha kubwa. Leo usiku toa mkanda mmoja kwenye friji ukae mezani. Kesho asubuhi uweke kwenye kamera, shika daftari, na kabla ya yote funika lenzi, bonyeza. Picha hiyo ya giza itakueleza miaka yote ambayo mkanda ulikuwa umekaa ukikusubiri, na jinsi ya kuupiga.